Kwa nini kadi nyingi za simu zenye wanyama zimevaa sura ya stempu?

#1 Mkwanguaji
Wakuu, salaam. Napanga upya albamu ya kadi za simu, zile za kulipia kabla ya kupiga, na kuna jambo limenikaa kooni. Nikifika kwenye kurasa za wanyama na ndege, kadi nyingi hazina picha ya mnyama moja kwa moja. Zina picha ya STEMPU yenye mnyama. Meno ya stempu yamechorwa pembeni, thamani imeandikwa konani, na nyingine wameongeza kivuli chembamba upande wa chini ili uone kama stempu halisi imelazwa juu ya plastiki.

Kadi zangu za magari hazina mchezo huo. Za wanamichezo hazina. Ukija kwa bundi, chui na bata mwitu, stempu kibao.

Dai langu: waliotoa kadi walikuwa wanawavizia wakusanyaji wa stempu. Watu hao tayari wana albamu, wana maduka yao, wana minada yao na tabia ya kununua kitu wasichokusudia kukitumia. Mteja gani mzuri kuliko huyo? Mwenye maelezo bora ayaweke hapa.

#2 Kunguru wa Posta
Maelezo bora yapo, na ni mepesi. Nchi nyingi posta na simu vilikuwa nyumba moja. Uingereza walivitenganisha 1981, Ujerumani Magharibi wakaligawa shirika lao la posta na simu, Bundespost, 1989, Ufaransa wakatenganisha La Poste na France Télécom 1991. Kadi za simu zimezaliwa humo humo, na shirika lilikuwa na kabati limejaa michoro ya stempu ambayo tayari imelipiwa. Umtafute mchoraji mpya wa nini?

#3 Salio Sifuri
Nimeingia mbio nikidhani mnagawa vocha. Kumbe bata. Haya, nakaa nisome.

#4 Bata Bukini
Kunguru, maelezo yako yanafaa Ulaya. Hayafai Marekani, na huko ndiko kadi zenye stempu ya bata zilikojaa. Posta ya Marekani haijawahi kuendesha simu. Kule kadi za miaka ya tisini zilitolewa na kampuni binafsi, kubwa na ndogo, nyingine za msimu mmoja tu. Hakuna kabati la pamoja hapo.

#5 Kunguru wa Posta
Iliwahi, mkuu. Agosti 1918 hadi Julai 1919, wakati wa vita, serikali ilizichukua simu na kuziweka chini ya mkuu wa posta, Albert Burleson. Usiseme "haijawahi".

#6 Bata Bukini
Sawa, mwaka mmoja. Kadi za simu zimeanza Italia 1976. Labda Burleson aliona mbali sana.

#7 Salio Sifuri
😂 Kunguru kapigwa na fimbo yake mwenyewe.

#8 DadaStempu
Kabla hatujafika mbali, turekebishe kitu. Mnaitaja "stempu ya bata" kana kwamba ni stempu ya posta. Siyo. Ni stempu ya ushuru. Ilianzishwa Marekani kwa sheria ya 1934, na kila mwindaji wa ndege wa majini mwenye umri wa miaka 16 na zaidi anatakiwa awe nayo. Huwezi kuibandika kwenye bahasha ukategemea barua ifike. Watu wanachanganya kwa sababu inauzwa posta, ina meno, na ina sura yote ya stempu.

Ya kwanza iliuzwa dola 1, na mchoro wake wa bata wakitua majini ni wa Jay Darling, mchora katuni wa magazeti. Tangu 2015 ni dola 25. Senti 98 za kila dola zinakwenda kununua au kukodi ardhi oevu kwa ajili ya ndege, na hadi leo ni zaidi ya ekari milioni 6. Kwa hiyo ukiona kadi ya simu yenye bata wa aina hiyo, umebeba picha ya risiti ya kodi.

#9 Mkwanguaji
Asante dada. Hiyo ya risiti ya kodi imenivunja mbavu. Ila sasa swali limekuwa gumu zaidi: kwa nini kampuni ya simu ipende risiti ya kodi?

#10 Bata Bukini
Fuata hela. Tangu 1949 mchoro wa stempu hiyo unapatikana kwa shindano la wazi. Anayeshinda halipwi na serikali. Anapewa shiti ya stempu zenye mchoro wake, basi. Riziki yake iko kwenye kuuza nakala za picha. Mchoraji wa namna hiyo, na mawakala wake, wanatafuta kila sehemu ya kuuweka mchoro: vikombe, kalenda, sahani za ukutani. Miaka ya tisini likatokea jambo jipya linaitwa kadi ya simu, na kila mtu anasema litakuwa kama stempu. Ungekuwa wewe ungekataa?

Kwa hiyo mimi nasema msukumo ulitoka upande wa wachoraji na wenye haki za michoro. Kampuni za simu zilifuatwa.

#11 Mkwanguaji
Hapo unapingana nami kidogo tu. Mlengwa bado ni yule yule mwenye albamu.

#12 Fundi Rula
Nyote mnaongelea hela. Chukueni rula.

Kadi ya kawaida ina upana wa milimita 85.6 na kimo cha karibu 54. Mchoro wa shindano la bata unatakiwa uwe inchi 10 kwa 7. Ukiupunguza mchoro huo ujae kimo cha kadi, upana wake unakuja milimita 77 hivi. Umebaki na milimita 8 na nusu tupu. Utafanya nini? Ukiuvuta, bata anakuwa mnene kama nguruwe. Ukikata juu na chini, unapoteza ama anga ama maji, na mara nyingi miguu ya ndege iko pale pale kwenye maji.

Dawa rahisi: punguza mchoro kidogo zaidi, uzungushie fremu yenye meno, na nafasi iliyobaki andika thamani na jina la kampuni. Sura ya stempu inatatua tatizo la vipimo. Kadi ya gari haina shida hiyo kwa sababu gari ni refu lenyewe.

#13 DadaStempu
Fundi, hesabu yako nimeipenda. Lakini zipo kadi ambazo stempu imechorwa ya wima, katikati, na nafasi tupu kulia na kushoto ni kubwa kuliko stempu yenyewe. Hapo hakuna tatizo lililotatuliwa. Wametengeneza jipya.

#14 Fundi Rula
Hizo ni za mbunifu mvivu. Sizitetei.

#15 Chipu Butu
Nawasoma tangu mwanzo. Mimi naona jambo limekaa kwenye maana ya kulipa kabla. Stempu ya posta tangu ile ya peni moja nyeusi ya Uingereza, 1840, kazi yake ni kuonyesha kwamba mtumaji ameshalipa. Kadi ya simu ni vivyo hivyo: umelipa kabla hujaongea. Kadi zilipoingia, watu walikuwa wamezoea sarafu. Kipande cha plastiki kina nini ndani? Ukichora stempu juu yake, hata mzee asiyejua sumaku wala chipu anaelewa kwamba hiki ni kitu chenye thamani iliyolipwa, na kinaisha.

#16 Bata Bukini
Chipu, hiyo ni tamu kuisoma ila mteja wa kibanda cha simu alikuwa anataka kupiga tu. Kadi ingechorwa ndoo angeinunua.

#17 Chipu Butu
Kadi za ndoo zipo pia, mkuu, na zina wakusanyaji wake.

#18 Kipepeo Mweusi
Naomba niingize la wanyama wenyewe maana naona limesahaulika. Mashirika ya uhifadhi yalikuwa yameshazoea stempu muda mrefu kabla ya kadi. Shirikisho la wanyamapori la Marekani, ambalo huyo huyo Darling alishiriki kuliasisi 1936, lilianza kutoa vistempu vya wanyama 1938 kwa ajili ya kuchangisha fedha. Navyo si vya posta, ni vya kubandika popote. Halafu 1983 shirika la uhifadhi la WWF wakaanza mpango wao wa stempu na kampuni ya Groth ya Uswisi: nchi inatoa seti, kwa kawaida stempu nne za mnyama mmoja aliye hatarini, zenye nembo ya panda.

Angalieni kadi zenye panda. Mara nyingi ni nne. Mama na mtoto, mnyama anakula, mnyama anakimbia, kichwa cha karibu. Huo ni mpangilio wa seti ya stempu, umehamishwa mzima mzima. Kwa hiyo si mchoraji wala posta. Ni wachangishaji, ambao walikuwa na njia inayofanya kazi wakaibebea kwenye chombo kipya.

#19 Kunguru wa Posta
Kipepeo umenisaidia bila kujua. Stempu hizo nne zilitolewa na nani? Na posta za nchi. Kadi nne zikatolewa na nani? Na simu za nchi hizo hizo. Tumerudi kwenye kabati langu.

#20 Kipepeo Mweusi
Kabati lako lina milango mingi sana mkuu.

#21 Mkwanguaji
Wakati mnagombana, nina la pembeni. Nina kadi moja ya Marekani ya bata wawili wanaruka juu ya matete, namba ya siri haijakwanguliwa. Ukanda wa kijivu uko mzima, ila umeanza kung'aa kama umeloa mafuta. Namba ya bure ya kupigia iko nyuma. Muda wake umekwisha zamani. Nikiikwangua inapoteza nini hasa, ikiwa simu haitapigika?

#22 DadaStempu
Usiiguse! Na hapa kuna kitu kizuri. Stempu ya bata, ili iwe halali kwa uwindaji, sheria ilimtaka mwindaji asaini jina lake kwa wino kukatiza uso wa stempu. Ikishasainiwa imetumika. Wakusanyaji wengi wanataka isiyo na saini. Kadi yako ni hali ile ile: kukwangua ni kusaini. Kitu kinachokipa matumizi ndicho kinachokiondolea bei, na bei inabaki hata matumizi yakishakufa.

Lakini wapo wanaopenda zilizosainiwa, hasa na mchoraji mwenyewe. Sijaona mtu anayependa kadi iliyokwanguliwa na mchoraji.

#23 Salio Sifuri
Mimi hapa. Nimekwangua vocha zangu zote kwa ustadi wa hali ya juu. Naanza kupokea maombi.

#24 Chipu Butu
Tofautisheni aina jamani, maana "iliyotumika" si jambo moja.

Kadi ya Marekani ya namba ya siri haina kitu ndani. Salio liko kwenye kompyuta ya kampuni, kadi ni karatasi ya kubebea namba. Ndiyo maana waliweza kuzichapa bila kujali mashine, na ndiyo maana nyingi zilinunuliwa zikaishia kwenye albamu moja kwa moja.

Kadi ya macho (inayosomwa kwa mwanga) ya kampuni ya Landis & Gyr, kama zile British Telecom walizoanza nazo 1981, mashine ilikuwa inaunguza yuniti moja moja, na ukiigeuza kwenye mwanga unaona mstari umepauka kwenye ukanda. Ya Japani, ya shirika la simu NTT, 1982, mashine ilitoboa tundu dogo pembeni kuonyesha salio limefika wapi. Ya chipu ya Ufaransa huwezi kujua kwa macho. Lazima uichomeke kwenye kisomaji.

Sasa kwenye kadi ya Japani yenye korongo, tundu likiwa pembeni picha haidhuriki, na zilizotumika zinakusanywa bila aibu. Kwenye ya kukwangua jeraha liko nyuma. Sheria ya "usitumie" imeletwa na watu wa stempu kwenye nyumba isiyo yao.

#25 Mkwanguaji
Watu wa stempu! Unaona? Wote tunarudi kwao. Dai langu #1 lisimame.

#26 Chipu Butu
Wewe ulisema kampuni ziliwavizia. Mimi nasema waliingia wenyewe na kanuni zao mkononi. Si kitu kimoja.

#27 Tai Mzee
Habari zenu. Kuhusu "haijakwanguliwa", kuweni macho. Vibandiko vya kijivu vya kukwangua vinauzwa kwa roli. Mtu anachukua kadi iliyotumika, anafuta masalia, anabandika kipya. Nilinunua mafungu kwa mtu mmoja mnadani, kwenye picha zote safi. Zilipofika, nikazipitisha chini ya kioo cha kukuzia: ukanda wa asili umechapwa, kingo zake zimelala sawa na plastiki na zina vidoa vya wino. Wa kubandika una ukingo, ukipitisha ukucha kutoka pembeni unakwama. Chini ya ukanda mmoja kulikuwa na mikwaruzo ya sarafu inayoendelea nje ya kibandiko kama milimita mbili hivi. Alikata kibandiko kifupi.

#28 Bata Bukini
Alikusudia wanunuzi wasio na kioo. Hela ulirudishiwa?

#29 Tai Mzee
Nusu. Na ujumbe mrefu wa kunieleza jinsi alivyo mtu mwaminifu.

#30 Mkwanguaji
Na huo mng'ao wa mafuta kwenye yangu? Ni kibandiko?

#31 Tai Mzee
Umeiweka kwenye mfuko gani? Mifuko laini ya PVC, ile yenye harufu ya pazia jipya la bafuni, ina vilainishi vinavyotoka polepole na kuhamia kwenye kadi. Wino unalainika, ukanda unanata, siku ukivuta kadi bata anabaki kwenye mfuko. Hamishia kwenye mifuko ya polipropilini au poliesta. Usitumie raba-bendi. Usifute kwa spiriti. Za chipu, usizisugue kwa raba ya penseli hata kama dhahabu imefifia.

#32 Mkwanguaji
PVC. Nahamisha leo.

#33 Kunguru wa Posta
Turudi kwenye mada. Kuna jambo moja linaloonyesha kwamba kadi ziliiga stempu kwa kila kitu, siyo picha tu: idadi. Kadi za Ufaransa nyuma zimechapwa mwezi, mwaka na idadi ya nakala. Za Ujerumani zina herufi ya mfululizo, namba ya toleo na tarehe, na nyingi zina idadi pia. Nani anahitaji kujua idadi ya nakala wakati anampigia mama yake? Ni lugha ya stempu.

#34 DadaStempu
Kwa kadi za matangazo za Ujerumani idadi ilimhusu pia aliyelipia tangazo. Alitaka kujua ametangaziwa mara ngapi.

#35 Kunguru wa Posta
Sikulifikiria hilo upande huo. Linabaki la Ufaransa.

#36 Fundi Rula
Na zile za sumaku za GPT, kampuni ya Uingereza, zilizotumika visiwani na kwingineko? Nyuma kuna namba ya udhibiti, na wakusanyaji wanatenganisha hata sifuri yenye mkato na isiyo na mkato. Kadi moja, kasuku mmoja, kurasa mbili za albamu kwa sababu ya kimstari kwenye sifuri. Hapo watu wa stempu wameshinda kabisa, maana wao ndio waliotufundisha kuhesabu meno.

#37 Salio Sifuri
Swali la mtu asiyejua: hao wanyama kwenye stempu za bata ni bata tu? Hakuna hata chui mmoja?

#38 DadaStempu
Ndege wa majini: bata, bata bukini, bata maji. Ila ya 1959 ilimweka mbwa mbele. King Buck, mbwa mweusi wa uwindaji, amembeba bata mdomoni. Mchoro wa Maynard Reece, ambaye alishinda shindano mara tano. Ni mara pekee mbwa amekuwa mhusika mkuu.

#39 Bata Bukini
Na bata wa mwaka ule ndiye pekee asiyefurahi.

#40 Salio Sifuri
Nataka kadi ya simu ya huyo mbwa. Hata iliyokwanguliwa.

#41 Kipepeo Mweusi
Mkwanguaji, umesema kadi za magari hazina sura ya stempu. Fikiria hivi: kadi ya gari ina mwenye gari anayelipa, na anataka gari lake lionekane lote bila fremu. Kadi ya mwanamichezo ina wakala. Bundi hana wakala. Mnyama anapatikana kwenye kadi kupitia mtu mwingine aliyekwisha kumchora kwa kazi nyingine, na kwa nusu ya pili ya karne ya ishirini kazi hiyo ilikuwa stempu mara nyingi. Fremu ni alama ya mahali alikotolewa, na pengine hata sharti la mwenye haki kwamba stempu ionyeshwe nzima.

#42 Fundi Rula
"Pengine" hiyo ndiyo inabeba hoja yote.

#43 Kipepeo Mweusi
Kama milimita zako 8 na nusu.

#44 Bata Bukini
Kipepeo, ukiondoa hiyo "pengine" umesema nilichosema #10. Mwenye mchoro ndiye aliyeusukuma.

#45 Kunguru wa Posta
Na ukiiacha amesema nilichosema #2.

#46 Mkwanguaji
Basi kila mtu ameshinda na uzi haujaisha. Nimehamisha ukurasa wa kwanza. Bata wawili wametoka wazima, ukanda wa kijivu haukunata. Bundi mmoja ameacha kivuli cha jicho kwenye mfuko wa zamani, jicho lenyewe bado lipo.

#47 Tai Mzee
Uliwahi. Wengine wanabaki na bundi kipofu.

#48 Fundi Rula
Tukiwa hapa hapa: nina kasuku wawili wa GPT wenye sifuri ya mkato, safi, wamelala kwenye polipropilini. Natafuta yule asiye na mkato, au seti yoyote ya panda iliyokamilika zote nne. Za Japani zilizotobolewa napokea. Zenye vibandiko vya kijivu vya roli, tafadhali msinitumie.

#49 Salio Sifuri
Nina ya mbwa? Sina. Basi endeleeni.